Kitabu Alicholetewa Mavyaa

Juni 10
Redio imetangaza leo kwamba msimu wa mvua umeingia. Asante sana. Viatu vyangu vilivyoota ukungu vilikuwa vimeshaniambia.

Posta imeleta kitabu kutoka kwa wifi yangu Mitsuyo, aliyeko Nagoya. Ni hadithi fupi tisa zilizoandikwa na binti mmoja anayesifiwa kila mahali siku hizi. Jalada lina rangi ya maji ya mchele, na ndani kuna kikaratasi: "Wifi, msomee Mama kabla sijaja kumchukua. Huku kila mtu anakisoma." Mama yake, yaani mavyaa wangu, haoni tena, labda kivuli na mwanga tu. Kwa hiyo zawadi ni ya mama, kazi ni yangu.

Nisilalamike sana. Julai ishirini Mitsuyo anakuja na gari, na mavyaa anahama. Tuliyamaliza mwezi uliopita, baada ya ibada ya kumkumbuka marehemu mume wangu, Haruhiko. Mitsuyo alisema, "Wifi, tangu kaka afariki umemtunza Mama peke yako. Pumzika sasa." Nikasema, "Kama Mama mwenyewe anaona sawa." Mavyaa akasema, "Kama Natsue haoni vibaya." Tukainamiana, tukamaliza chai. Miaka thelathini na ushei tumeishi chini ya paa moja, na kuachana kwetu kulichukua kikombe kimoja.

Nimeshaanza kupanga. Nitakula tambi nimesimama jikoni. Nitalala mpaka jua lichoke kunisubiri. Nitafuga mbwa, maana mavyaa hapendi mbwa.

Juni 12
Hadithi ya kwanza. Mtu anarudi kutoka kazini, anafungua kabati la nguo, anakuta ngazi inayoshuka. Anashuka. Chini kuna sebule kama yake, na mwanamke asiyemjua amekaa anakunja soksi zake. Hawaulizani lolote. Anapanda tena, anatundika koti, basi.

Niligeuza ukurasa nikidhani karatasi imechanika.

"Imeisha, Mama."

"Imeisha wapi?"

"Hapo kwenye koti."

Mvua ilikuwa inapiga bati la jirani. "Hizo soksi," akauliza baadaye, "amezikunja vizuri?"

"Haikuandikwa."

"Basi mwandishi hajui soksi," akasema, akasinzia hapohapo alipokaa.

Lakini jioni nilipopeleka nguo kabatini nilisita kidogo kabla ya kuvuta mlango. Nilikuta nguo tu, na nilijisikia kama mtu aliyeahidiwa kitu.

Juni 13
Mvua. Hadithi ya pili ni ya paka anayeongea. Sipendi.

Juni 15
Hadithi ya tatu ina paka pia. Huyu haongei, lakini anatazama watu kana kwamba anajua jambo. Mavyaa anasema huyo ni nafuu.

Juni 17
Leo nimemsamehe mwandishi nusu ya makosa yake. Farasi mweupe anaishi katika jengo la ghorofa, juu kabisa. Kila asubuhi majirani wanapanda naye lifti, wanajibana pembeni, wanazungumza habari za hali ya hewa. Hakuna anayemtaja farasi, kwa kuwa itakuwa kumkosea adabu mwenye farasi, na kila mmoja anadhani mwenye farasi ni yule mwingine. Miaka inakwenda. Farasi anazeeka, anakufa. Jengo zima linavaa nyeusi, wanapeana pole kwa ajili ya mvua.

Mavyaa alicheka mpaka akapaliwa, nikampiga mgongoni.

"Huu si ndio mtaa wetu?" akasema akifuta macho. "Mzee Hirota alipoanza kuvaa nywele za bandia, si tulimtazama viatu mpaka alipozikwa?"

Kwa miaka yote sijawahi kumsikia akicheka kwa sauti. Ana kicheko kinene, cha mwanamke wa sokoni. Nilitamani farasi awe na hadithi nyingine.

Juni 19
Kazi zimerundikana. Kazi yangu ni kuhamisha karatasi za dhahabu. Ni utando uliopigwa nyundo mpaka ukawa mwembamba kiasi kwamba ukiupumulia vibaya unajikunja na kwenda zake. Madirisha yamefungwa, feni marufuku, jasho linanitiririka mgongoni. Unauinua kwa kibano cha mwanzi, unaulaza juu ya ubao uliovikwa ngozi, unaupuliza katikati pumzi moja ndogo nao unatandazika. Ndipo unakata kingo.

Mavyaa ndiye aliyenifundisha, mwaka nilioolewa. Alinifunga leso mdomoni wiki nzima ili nijue pumzi yangu inakwenda wapi. Niliapa kutomsamehe.

Leo alikuwa ameketi nyuma yangu, anasikiliza.

"Pumzi yako nzito. Unawaza nini?"

"Siwazi kitu, Mama."

"Haya."

Nilikuwa nawaza ile sebule iliyo chini ya kabati. Kwamba ningeshuka, ningemkuta nani?

Juni 22
Siku nzima mawingu yamelala juu ya mapaa. Huku Kanazawa wanasema sahau chakula chako, usisahau mwavuli, na leo hata mwavuli ulikuwa bure, maana mvua haikuanguka, ilisimama tu hewani.

Hadithi ya leo ni ya mjane. Kila msimu wa mvua anamsikia marehemu mumewe akikung'uta mwavuli nje ya mlango. Anakung'uta mara kadhaa, kisha kimya. Mjane haendi kufungua. Akifungua atakuta hakuna mtu, na mwaka kesho hatasikia tena. Kwa hiyo anakaa na ushonaji wake, anasema polepole, "Karibu, umelowa?"

Sikuweza kuendelea. Herufi ziliogelea. Huyu binti wa miaka thelathini kayajulia wapi haya? Nililia bila kelele, nikidhani asiyeona hatajua.

"Haruhiko hakuwa anakung'uta mwavuli," mavyaa akasema. "Aliuingiza vilevile, akalowesha sakafu yote."

"Na soksi zake."

"Na soksi zake. Tangu mtoto."

Tukacheka, kisha tukaacha kucheka. Mavyaa akanyoosha mkono, akapapasa mkeka mpaka akapata kitabu, akakifunga yeye mwenyewe. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu niliyempoteza mimi kama mume, yeye alimpoteza kama mwana.

Juni 23
Tumepumzika. Mvua nzuri, nyembamba.

Juni 26
Mitsuyo amepiga simu. Chumba kiko tayari, mikeka mipya, ukutani ameweka vyuma vya kushikilia, hakuna ngazi hata moja. Amejitahidi, lazima niseme. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Wifi, Mama siku hizi anapenda kula nini asubuhi?"

Nikamwambia uji wa mchele, mwepesi, na figili ya chumvi iliyokatwa ndogo. Nilimsikia anaandika. Nilizoea kumwona Mitsuyo kama mtu wa kutoa amri. Leo alikuwa binti anayeuliza habari za mamaye kwa mtu baki.

"Amesemaje?" mavyaa akauliza.

"Chumba kiko tayari."

"Vizuri."

"Ndiyo, Mama. Vizuri."

Julai 1
Leo ni siku ya manju. Kila nyumba hapa inakula vile vimkate vya mvuke vyenye maharage matamu, ili mwili uhimili joto linalokuja. Na nyumba iliyomwoza binti hupeleka sanduku kwa wakwe, ijulikane kwamba binti ana kwao.

Mimi kwetu hakuna. Wazazi walikufa zamani, nyumba ikabomolewa, pale sasa wanaegesha magari. Tangu hapo nimekuwa nikinunua sanduku mwenyewe na kuandika juu yake "Nyumba ya Doi", jina la kwetu, kana kwamba shangazi fulani amenikumbuka. Mavyaa hulipokea, huinamisha kichwa, husema, "Wape shukrani huko kwenu." Mwaka huu sikununua. Nilijiambia, mtu anaondoka, nimwonyeshe nini?

Asubuhi mke wa mwenye duka akaja na mwavuli na sanduku. Nyumba ya Doi. Nikamwambia amekosea mlango. Akatazama maua ya pembeni, kwa adabu, akasema limeagizwa, akaenda zake. Nyuma yangu sauti ikasema:

"Ni manju? Wape shukrani huko kwenu."

Damu ilinipanda. Kumbe anajua. Miaka yote anajua, na leo, mguu mmoja u njiani, ameona aniage kwa kunionyesha kwamba uongo wangu ulikuwa wazi. Angenizaba kofi ningeelewa. Nilisema, "Nitawafikishia, Mama," kwa sauti tamu kuliko manju zenyewe, kisha nikaenda jikoni nikalia juu ya karai.

Sikula hata moja. Yeye alikula mbili.

Julai 2
Sikusoma. Nilisema koo linauma.

Julai 3
Mvua kubwa. Koo.

Julai 5
Nimekuta bakuli la asali na tangawizi kando ya ubao wangu wa kazi. Amelileta kwa kupapasa ukuta, na nusu imemwagika njiani. Nilifuta sakafu. Sikuinywa. Nyumba imekuwa kimya hata nasikia ukungu ukiota.

Nimeanza kuota ndoto za lile jengo la farasi. Mimi ndiye niliye kwenye lifti, na aliyejibana pembeni ni mavyaa.

Julai 6
Jirani yetu Bi Hamako amekuja kurudisha sufuria. Ni mwanamke asiyeweza kubeba siri hata akifungiwa ndani ya gunia.

"Manju zilifika?" akauliza.

"Wewe umejuaje?"

"Si mavyaa wako alikuja kwangu kupiga simu dukani. Na ile mvua! Amelowa chapachapa, anashika uzio kwa mikono miwili. Nikamwuliza, mama, unajiagizia mwenyewe zawadi kutoka kwa watu waliokufa? Unajua alinijibu nini?"

Nikasema sijui.

"Alisema, 'Natsue mwaka huu hakuagiza. Mimi naondoka, na mtaa una macho. Sanduku lisipoonekana watasema amebaki pale hana kwao.' Ndivyo alivyosema. Halafu akaomba taulo."

Bi Hamako aliendelea na habari za figo za mumewe, lakini sikusikia tena. Kila mwaka alikuwa anapokea sanduku la mtu asiye na kwao, na kila mwaka alinisaidia kulibeba. Mimi nikaona ni dharau. Kimya kingi kina mshindo, wanasema, ila sikio langu lilikuwa limeziba.

Alipoondoka nilienda chumba cha nyuma. Mavyaa aligeuza uso.

"Koo linaendeleaje?"

"Limepona, Mama."

Hayo tu. Nikachukua kitabu.

Julai 7
Hadithi ya sita. Mwanamke anakwenda ofisi ya vitu vilivyopotea kila siku kuulizia mwavuli ambao hajawahi kuwa nao. Karani anaufahamu mchezo, naye kila siku anatafuta kwa bidii. Kurasa nyingi mno, na mwandishi anapenda kueleza mwanga wa dirishani kuliko inavyofaa. Lakini nilipenda karani. Mavyaa anasema wataoana. Nikamwambia haikuandikwa. Akasema, "Tungengoja yaandikwe, mtaa huu usingekuwa na watoto."

Julai 10
Hadithi ya saba ilinichosha. Ya nane ni ukurasa mmoja na nusu: mtu anamenya tunda la peasi, ganda halikatiki, linazunguka meza, linatoka nje, linafika baharini. Niliisoma, nikairudia, mavyaa akaomba tena. Sijui inasema nini. Nimeibeba kichwani siku nzima, na dhahabu leo ililala kwa utulivu.

Imebaki moja.

Julai 12
"Tumalizie leo, Mama?"

"Leo kichwa kizito. Kesho."

Julai 13
"Kesho."

Julai 15
Sikuuliza. Naye hakusema. Tulikaa tukisikiliza mfereji wa bati.

Nimeona jambo. Mabegi yake hayajafunguliwa hata moja. Mitsuyo alituma makubwa mawili matupu, yamekaa pembeni kama wageni waliofika mapema. Ni mimi niliyeanza kukunja nguo zake leo, na kila niliyoikunja ilinichukua muda mrefu, kwa kuwa zote nazijua. Hii niliishona mimi. Hii aliivaa tukimzika Haruhiko. Mpaka jioni nilikuwa nimekunja chache tu, na moyo umenijaa.

Nimeshaonja zile tambi za kusimama, mchana alipolala. Hazina ladha.

Je, nimwambie abaki? Lakini kama anataka kwenda kwa binti wa tumbo lake, atakataa kwa adabu au atakubali kwa adabu, na sitajua. Na kama hataki kwenda, mbona hasemi? Labda amenichoka. Mtu aliyemfundisha mwenzake kupumua ana haki ya kumchoka.

Julai 17
Mvua usiku na mchana. Sikusema.

Julai 19
Leo yeye mwenyewe alisema, "Leta kitabu. Si vizuri kuacha sahani na tonge moja."

Hadithi ya tisa, basi. Mwanamume na mwanamke wanasubiri treni kituo kimoja, mlimani, theluji inaanguka. Mwanamume anaondoka. Mwanamke amemsindikiza. Wanaongea kuhusu chai ya kituoni, kwamba imepoa. Treni inakuja. Mwanamume anasema, "Basi." Mwanamke anasema, "Basi." Treni inaondoka, na mwandishi anatueleza theluji kwa kurasa mbili.

Nikafunga kitabu kwa kishindo.

"Hii ndiyo tuliyokuwa tunaiogopa?" mavyaa akasema.

"Ya ovyo kuliko zote. Afadhali paka."

"Theluji yake si mbaya."

"Mama, theluji! Huyu mwanamke anampenda, kila mstari unaonyesha anampenda. Kwa nini hasemi?"

"Anasubiri kuambiwa."

"Na mwanamume je?"

"Naye anasubiri."

Mavyaa alikuwa amegeuzia uso bustanini, kule asikokuona. Tukakaa hivyo mpaka chai ikapoa kwelikweli. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu usiku huu zimesimama.

Kwa rekodi: hadithi tisa. Tatu nitazikumbuka mpaka nife, mbili ni za paka, nyingine zinafanana na ukungu, nzuri kwa mbali. Mwandishi ana masikio makubwa na woga mwingi. Namwelewa.

Julai 20
Mitsuyo alifika kabla ya adhuhuri, na mvua yake. Mavyaa alikuwa ameshaketi kwenye kipandio cha mlangoni, viatu miguuni, mkoba magotini, koti limefungwa vifungo vyote katika joto lile. Mabegi nilikuwa nimemaliza kuyafunga alfajiri.

Mitsuyo alinishukuru kwa maneno yote yanayotakiwa, nami nikamjibu kwa yote yanayotakiwa. Tukainama. Akabeba begi la kwanza, akabeba la pili. Nikaona kiganja cha mavyaa kinapapasa nguzo ya mlango, juu, chini, polepole, kama anavyopapasa uso wangu ninapokuwa na homa.

Nikasema, "Mama, si ungebaki tu."

"Aa, nitakusumbua."

Hiyo ya kwanza. Mtu aliyelelewa vizuri lazima akatae.

"Hunisumbui. Baki."

"Mitsuyo katoka mbali. Na chumba ameandaa."

Hiyo ya pili. Mitsuyo alikuwa amerudi, amesimama na funguo za gari mkononi. "Wifi, adabu zimetosha," akasema kwa upole. "Barabara itajaa." Hapo ndipo mtu huinama na kuacha. Mwezi wa tano mimi sikumwomba hata mara moja. Nilisema kama Mama anaona sawa, nikanywa chai yangu.

Nikapiga magoti sakafuni, mbele ya viatu vyake.

"Mama, hii si adabu. Nakuomba. Sikuombi kwa faida yako, kwa Mitsuyo utakula na kulala vizuri kuliko hapa. Naomba kwa ajili yangu. Ukitoka humu ndani, mimi sina kwetu."

Mwavuli wa Mitsuyo ulikuwa unadondosha maji mlangoni. Aliteremsha mkono wenye funguo.

"Mama," akasema, "wewe mwenyewe unataka nini?"

Tangu mwezi wa tano hakuna aliyekuwa amemwuliza. Mavyaa alifungua kifungo cha juu cha koti, kisha cha pili. Uso wake ulikuwa umeelekea kwangu, na ulikuwa mkali.

"Mbona umechelewa hivyo?" akaniambia. "Toka alfajiri nimekaa na viatu miguuni nakusubiri useme. Miguu imeniwaka moto. Haya, nivueni."

Nilishika cha kulia. Mitsuyo akapiga magoti kando yangu, machozi yakimtiririka, akashika cha kushoto. Miguu ilikuwa imevimba kweli, ikabidi tuvute taratibu.